Msafishaji wa kujitegemea, wakala au kampuni: nani umkabidhi nyumba ya kale mjini Rye

Ubao wa chini wa dirisha la sebule yetu ni wa mwaloni, umekaa hapo tangu kabla babu wa babu yangu hajazaliwa, na una doa jeusi la mviringo lenye upana wa kikombe cha chai. Doa hilo halikuletwa na moto wala wino uliomwagika. Msafishaji aliyetumwa na kampuni moja alisahau hapo, kwa usiku mmoja tu, waya laini wa kusugulia sufuria ukiwa umelowa. Mwaloni una tanini nyingi, na chuma kikikutana na tanini penye maji huzaliwa rangi nyeusi ile ile ambayo kwa karne nyingi watu wa Ulaya waliitumia kutengenezea wino wa kuandikia. Nilipodai fidia nilijibiwa kwa adabu kubwa kwamba bima ya kampuni hailipii kitu ambacho ndicho kilichokuwa kikisafishwa wakati kinaharibika.

Tangu hapo nimejaribu njia zote tatu ambazo mkazi wa mji huu anaweza kuzipitia ili apate mtu wa kumsafishia nyumba: msafishaji anayejiajiri mwenyewe, wakala anayekuunganisha na msafishaji, na kampuni inayotuma wafanyakazi iliowaajiri. Kabla ya hapo, nilipokuwa mwanafunzi, mwenye ndoo nilikuwa mimi. Ninawaandikia wasomaji wa Kiswahili walioletwa katika miji midogo ya Uingereza na kazi ya uuguzi, ualimu au utunzaji wa wazee, au na ndoa kama mimi, wakajikuta ndani ya nyumba ya miaka mia tatu au mia nne bila mtu wa kuwaeleza namna inavyotunzwa. Kila ninayezungumza naye huanza kuuliza bei ya saa. Kwa maoni yangu bei ilistahili kuwa swali la tatu. La kwanza ni nani atakayewajibika kitu kikiharibika, na la pili ni kama huyo anayeingia mlangoni anajua kitu gani hakipaswi kutiwa maji.

Nyumba za kilimani

Rye umekaa juu ya kilima kidogo katika Sussex Mashariki, karibu na mahali inapokutana mito ya Rother, Tillingham na Brede. Wafaransa waliuchoma mwaka 1377, na nyumba nyingi unazoziona leo ukipanda Mermaid Street zilijengwa katika karne zilizofuata moto huo: fremu za mwaloni, kuta za fito zilizokandikwa kwa chokaa, sakafu za matofali, na madirisha ya vioo vidogo vidogo vilivyoshikanishwa kwa vipande vya risasi. Aliyekulia Lamu au Mji Mkongwe wa Unguja ataitambua chokaa hiyo akiigusa tu, kwa jinsi inavyokuwa baridi na kuacha unga mweupe kidoleni. Boriti ndizo zitakazomshangaza, maana za kwetu ni za mikoko, nyembamba, na hazipiti kimo cha mkandaa uliokatwa, ilhali hizi za huku ni nene kama kiwiliwili cha mtu na zimepinda kila moja kwa namna yake.

Nyumba nyingi za mji wa juu zimo katika orodha ya taifa ya majengo ya kihistoria, ambamo zaidi ya majengo tisini katika kila mia yako daraja la II, lililo la chini kati ya madaraja yake. Kuwamo katika orodha hakukuzuii kupiga deki. Kunachozuia ni kuibadilisha nyumba bila kibali cha halmashauri, ambayo kwa Rye ni ile ya wilaya ya Rother, na kazi kama kuyapiga matofali ya nje kwa mchanga wenye mgandamizo au kukwangua boriti mpaka zigeuke rangi inaweza kuangukia katika zuio hilo. Kuifanya bila kibali ni kosa la jinai, si suala la faini ndogo ya mtaani. Nimewahi kusikia msafishaji mwenye nia njema kabisa akijitolea kumng'arishia jirani yangu boriti zote kwa mashine, bei poa, kama zawadi ya Krismasi.

Juu ya hayo kuna uchafu wa mahali hapa hasa. Camber Sands, ufuko mpana wa mchanga mwembamba, uko umbali wa kilomita chache tu, na mchanga huo hupanda kilima ndani ya viatu na kukwaruza nta ya sakafu kila unapokanyagwa. Majira ya baridi huja masizi na majivu ya jiko la kuni. Maji ya eneo hili ni magumu, kwa hiyo chokaa huganda ndani ya birika na kwenye bomba la bafuni. Magari nayo hayapiti kwa urahisi katika vichochoro vya mawe, hivyo gari la kampuni huachwa chini, na vifaa vyote hupandishwa kwa mikono. Dakika hizo za kupandisha vifaa, uliza mapema, huhesabiwa kwa nani?

Bei, na kilichojificha ndani yake

Kima cha chini cha mshahara kwa mtu wa miaka 21 na zaidi nchini Uingereza kiliwekwa kuwa pauni 12.21 kwa saa kuanzia Aprili 2025, na hupandishwa karibu kila Aprili. Kima hicho hakimlindi anayejiajiri mwenyewe. Msafishaji anayejiajiri hujipangia bei, na katika saa anayokutoza anapaswa kutoa humo humo bima yake, sabuni zake kama anakuja nazo, nauli, kodi, wiki asizofanya kazi na siku atakazougua. Kwa hiyo mtu anayekutajia bei inayokaribiana na kima cha chini, naye si mwajiriwa wa mtu, kuna kitu ambacho hakilipii, na mara nyingi kitu hicho ni bima.

Kwa wakala fedha hutoka kwa njia mbili. Unamlipa msafishaji saa zake, kisha unamlipa wakala ada yake, ama kila mwezi au ndani ya bei ya saa. Matangazo mengine huonyesha fedha ya msafishaji peke yake, kisha ada ikaja kuonekana kwenye mkataba, kwa hiyo jumlisha zote mbili kabla ya kulinganisha.

Bei ya kampuni huwa ya juu kwa sababu zinazoelezeka. Mwajiriwa ana haki ya likizo yenye malipo ya wiki 5.6 kwa mwaka, kuna mchango wa pensheni kwa wanaostahili, kuna mchango wa mwajiri katika bima ya taifa ambao tangu Aprili 2025 ni asilimia 15 ya mshahara unaozidi kiwango kilichowekwa, na kampuni ambayo mauzo yake yanazidi pauni 90,000 kwa mwaka lazima itoze VAT ya asilimia 20. Kwa mfano, pauni 20 zilizotajwa kwenye simu zitakuwa 24 kwenye ankara. Hapa uwe mwangalifu na neno saa. Kampuni nyingi hutuma watu wawili, na saa moja ya watu wawili ni saa mbili za kazi. Wengine hutaja bei ya kila mtu, wengine ya kundi zima.

Tuseme tofauti kati ya msafishaji wa kujitegemea na kampuni ni pauni 6 kwa saa, nawe unahitaji saa mbili kila wiki. Hiyo ni pauni 624 kwa mwaka, na sitamcheka mtu anayeziona kuwa nyingi. Ninachosema ni kwamba ukilipa tofauti hiyo, hakikisha unajua unanunua nini, kwa kuwa mimi niliilipa kwa mwaka mzima nikiamini ninanunua ulinzi, na kumbe ulinzi huo haukugusa kitu hata kimoja ambacho kitambaa cha msafishaji kilikigusa.

Nani atawajibika

Kampuni yenye wafanyakazi inalazimishwa na sheria ya mwaka 1969 kuwa na bima ya dhima ya mwajiri isiyopungua pauni milioni 5. Bima hiyo ni kwa ajili ya mfanyakazi akiumia, kama vile akiteleza kwenye ngazi zako nyembamba. Haina uhusiano na meza yako. Meza yako, au mgeni wako aliyejikwaa kwenye waya wa mashine ya kufyonza vumbi, huangukia kwenye bima nyingine, ya dhima kwa watu wengine, ambayo sheria hailazimishi kwa kazi ya usafi wa nyumba. Wengi wanayo, wengine hawana, na wengi wa wateja huoneshwa karatasi ya ile ya kwanza wakadhani wameona ya pili.

Hata hiyo ya pili ina tundu lake. Bima nyingi za namna hii huondoa kitu kinachofanyiwa kazi. Msafishaji akikiangusha chombo cha udongo kwa kiwiko wakati anafagia, bima inaweza kulipa. Akikiharibu chombo hicho hicho wakati anakipangusa, inaweza kukataa, isipokuwa kama ameongeza kifungu maalumu kinachofunika kitu chenyewe kinachosafishwa. Katika nyumba ya kale karibu kila hasara ni ya aina hii ya pili. Kwa hiyo swali la kuuliza, kwa msafishaji wa kujitegemea, kwa wakala na kwa kampuni vile vile, ni hili: je, bima yako inalipia kitu unachokisafisha, na inaanzia kiasi gani? Anayelijibu bila kubabaika amewahi kuisoma hati ya bima yake.

Wakala ndiye mgumu kuliko wote katika jambo hili. Katika mkataba wake mara nyingi utakuta ameandika kwamba yeye ni mwunganishi tu, na kwamba makubaliano ya kazi ni kati yako na msafishaji. Maana yake ni kwamba kitu kikiharibika unaye mtu mmoja tu wa kumdai, naye ni yule yule mwenye ndoo. Mawakala wengine huweka bima ya jumla kwa ajili ya wasafishaji wao, na hilo ni jambo jema, lakini litake kwa maandishi. Tazama pia kifungu kinachokutoza fedha ukimchukua msafishaji moja kwa moja baada ya kuzoeana naye. Ni kifungu cha kawaida na kina mantiki yake kibiashara, ila kiasi chenyewe wakati mwingine kinashangaza.

Kwa anayejiajiri kuna hatari ya namna nyingine, ambayo huelekea upande wako. Kusema kwamba mtu anajiajiri hakumfanyi awe hivyo. Kama wewe ndiye unayempangia siku na saa, unampa vifaa vyote, unamwongoza kazi hatua kwa hatua, na hawezi kumtuma mwenzake badala yake, anaweza kuhesabiwa kuwa mwajiriwa wako, na hapo likizo, kima cha chini na pengine usajili kwa HMRC, yaani mamlaka ya kodi, vinakuwa juu yako. Nimeona wenzetu wakiingia katika hali hiyo kwa ukarimu tu, kwa kumchukua binti wa jamaa aliyekuja kusoma na kumwita msafishaji wa kujitegemea. Mwenye viza ya mwanafunzi haruhusiwi kujiajiri hata kidogo, na anayesoma shahada haruhusiwi kupita saa 20 za kazi kwa wiki wakati wa muhula. Hiyo ndiyo sababu mimi mwenyewe wakati ule nilifanya kazi kampuni, nikipewa karatasi ya mshahara kila mwezi, ingawa mama mmoja Mwingereza aliniomba mara nyingi niache kampuni niende kwake moja kwa moja kwa fedha zaidi. Mwajiri anayemwajiri mtu asiye na haki ya kufanya kazi hiyo anaweza kutozwa, tangu Februari 2024, hadi pauni 45,000 kwa mfanyakazi mmoja katika kosa la kwanza.

Kinachokulinda kwa wote watatu ni sheria ya haki za mteja ya mwaka 2015: huduma lazima itolewe kwa uangalifu na ujuzi wa kiasi kinachostahili, na isipotolewa hivyo unaweza kutaka irudiwe au bei ipunguzwe. Ukisaini mkataba kwa simu au kwa intaneti, una siku 14 za kubadili nia, ingawa ukiomba kazi ianze kabla ya siku hizo kwisha utalipa iliyokwisha kufanyika.

Siki, mvuke na majivu

Katika kampuni nzuri mfanyakazi hufundishwa. Vitambaa hutengwa kwa rangi, nyekundu kwa choo, kijani kwa jikoni, buluu kwa vyumba vya kawaida, na utaratibu huo peke yake unatosha kumfanya mwenye watoto wadogo au mgonjwa nyumbani aitazame kampuni kwa jicho la huruma zaidi. Mafunzo yenyewe, hata hivyo, ni ya nyumba za kisasa: vigae vya viwandani, chuma cha pua, rangi ya plastiki ukutani. Mfanyakazi hupewa chupa nne na orodha, na orodha haijui kwamba nyumba namba fulani ina ukuta wa chokaa.

Hebu tazama yanayoweza kutokea katika asubuhi moja. Siki, ambayo inaondoa vizuri ganda la chokaa kwenye bomba la kromu, ikidondokea jiwe la chokaa au marumaru hulila na kuacha baka lisilong'aa, kwa sababu jiwe lenyewe limetengenezwa kwa kitu kile kile ambacho siki inakuja kukiondoa. Deki ya mvuke, inayosifiwa sana kwenye matangazo, husukuma unyevu kwenye maungio ya mbao na kuinyanyua nta. Kitambaa kibichi kwenye ukuta uliopakwa chokaa huondoka na chokaa, na kinachobaki ni mawimbi ya weupe na kijivu yasiyofutika mpaka ukuta upakwe upya. Ukuta huo unataka brashi kavu tu. Vioo vya madirisha ya risasi visukumwe kwa kiganja na vitapinda kuelekea nje, taratibu, miaka nenda miaka rudi, mpaka siku moja kipande kidondoke mtaani. Anayevipangusa anatakiwa kutumia kitambaa chenye unyevu kidogo, kwa mkono mwepesi, kisha anawe mikono kwa sababu risasi ni sumu. Rangi ya zamani kwenye fremu nayo yaweza kuwa na risasi, kwa hiyo asiisugue ikiwa kavu.

Majivu yanahitaji aya yake. Kaa linaweza kubaki na moto ndani ya majivu kwa siku nzima na zaidi, na mashine ya kawaida ya kufyonza vumbi, hata ile nyekundu yenye uso wa kutabasamu inayotengenezwa Somerset na kupendwa na kila msafishaji wa nchi hii, haikuundwa kwa kazi hiyo. Majivu ya moto huingia kwenye mfuko wa karatasi, na upepo wa mashine hufanya kazi ya mvukuto wa mhunzi. Mwambie yeyote unayemchukua kwamba majivu hutolewa kwa koleo, hutiwa kwenye ndoo ya bati yenye kifuniko, na ndoo huwekwa nje juu ya jiwe.

Hapa ndipo msafishaji wa kujitegemea aliyezeeka na kazi mjini anapowaacha wengine nyuma. Amezunguka nyumba ishirini za kilimani kwa miaka mingi, ameona doa kama langu katika nyumba ya mtu mwingine, na amejifunza kwa gharama ya wengine. Lamb House, nyumba ya karne ya 18 alimoishi mwandishi Henry James na ambayo sasa ni mali ya National Trust, taasisi inayotunza majengo ya kihistoria, ni mfano ulio hatua chache tu kutoka mlangoni petu wa nyumba inayotunzwa kwa ustadi wa aina hii. Desturi ya taasisi hiyo katika nyumba zake ni kulisogeza vumbi kwa brashi ya nywele laini kuelekea kwenye mdomo wa mashine, bila mdomo wenyewe kugusa kitu. Si siri ya kitaalamu, na brashi yenyewe si ghali. Wakala anaweza kukuletea mtu mwenye ujuzi huo, anaweza pia kukuletea mtu aliyeanza kazi Jumatatu, kwa sababu anachopima zaidi ni nafasi za saa na umbali.

Funguo na kuzoeana

Kampuni ina faida moja ambayo sipingani nayo: mtu akiugua, anakuja mwingine. Msafishaji wa kujitegemea akiugua unabaki na vumbi lako, na majira ya kiangazi ni vigumu hata kumpata, kwa sababu nyumba za kupangisha wageni wa likizo zinawataka wasafishaji wote siku ile ile, kati ya saa nne asubuhi mgeni anapotoka na saa kumi jioni mwingine anapoingia. Ukitaka Ijumaa au Jumamosi mwezi wa Agosti, anza kutafuta mapema mwaka.

Kuhusu uaminifu, watu hutaja cheti cha rekodi za jinai, yaani DBS. Cheti cha msingi mtu yeyote anaweza kujiombea. Kile cha kina hakitolewi kwa msafishaji wa kawaida wa nyumba, kwa hiyo tangazo linalojivunia kwamba kila mfanyakazi ana cha kina lina walakini. Tena cheti hakina tarehe ya mwisho, kinaeleza siku kilipotolewa tu. Muhimu zaidi ni funguo. Uliza zinahifadhiwa wapi, na kama zimeandikwa namba ya siri au anwani yako waziwazi. Isome pia bima yako ya nyumba, kwa kuwa nyingi hazilipi wizi usioacha dalili ya kuvunja mlango.

Kuna faida ya kumwona mtu yule yule kila wiki isiyoandikwa kwenye mkataba wowote. Asubuhi moja ya Aprili nilikuta karatasi kando ya birika, imeandikwa na msafishaji wangu wa kujitegemea, kwamba chini ya boriti ya tatu kulikuwa na kilima kidogo cha unga mpya, hakukifagia, nikitazame kwanza. Ulikuwa unga wa chembechembe kama mchanga mnene, na juu yake matundu madogo ambayo wiki iliyotangulia hayakuwapo. Bungua wa mwaloni hutoka mbaoni majira hayo. Kundi la watu wawili lenye saa moja na orodha ya vyumba sita lingeufyonza unga ule kwa sekunde mbili na kupata alama nzuri kwa usafi.

Anayehama na anayepangisha

Kama wewe ni mpangaji na unahama, hali ni nyingine kabisa. Chini ya sheria ya ada za wapangaji ya mwaka 2019, mwenye nyumba katika England hawezi kukulazimisha umlipe msafishaji wa kitaalamu, wala kukuchagulia kampuni. Unachodaiwa ni kuirudisha nyumba ikiwa safi kama ulivyoipokea, ukiondoa uchakavu wa kawaida, na amana yako ikiwa na mgogoro hupelekwa kwenye usuluhishi wa mfuko ulioitunza bila malipo. Piga picha siku unayoingia, hasa ya doa lolote lililokuwapo. Ukiamua mwenyewe kulipia usafi mkubwa wa siku moja, kampuni ndiyo inayofaa kuliko wote wengine: ina watu wengi, ina mashine ya kuoshea zulia, na inakupa risiti unayoweza kuionyesha. Tahadhari yangu ni moja, kwamba uwaoneshe kwa kidole vitu vya kale visivyohitaji kuguswa.

Anayepangisha wageni wa likizo naye ana haja na kampuni au na kundi dogo la wasafishaji linalofua mashuka, kwa sababu hawezi kumwambia mgeni aliyetoka London kwamba msafishaji ana mafua. Katika nyumba kama hiyo mimi ningetandika mikeka mlangoni kwa ajili ya mchanga wa Camber, ningefungia kabatini kila kitu chenye thamani, kisha ningeiachia kampuni ifanye kazi kwa kasi yake.

Kwa familia yenye nyumba ya kisasa chini ya kilima, karibu na stesheni, sioni sababu ya kumkataa wakala, mradi ada ijumlishwe na bima iandikwe. Aliye na mzee au mgonjwa nyumbani, ambako zamu isipofanyika kuna madhara, alipe kampuni. Anayeishi kilimani katika nyumba ya mwaloni na chokaa amtafute msafishaji wa kujitegemea mwenye bima inayogusa kitu kinachosafishwa, amngoje hata miezi miwili kama hana nafasi, na amlipe zaidi ya anavyotaka yeye mwenyewe.

Namna ya kumjaribu ni kumpa saa moja na chumba kimoja chenye kitu kigumu ndani yake, umlipe saa hiyo, na usimwambie lolote. Wa kwanza niliyemjaribu hivyo alimimina maji ya sabuni sakafuni kabla sijafunga mlango. Wa pili alipiga picha ya chumba, akapangusa alipoweza kufika, akaniambia kwa uungwana kwamba mengine hayamo katika huduma ya kawaida. Wa tatu, ambaye yuko nasi mpaka leo, alipiga goti, akapitisha kucha juu ya ubao, akainusa, akaniuliza sakafu ilipakwa nta ya nini na lini.